Kuzalisha samaki klauni nyumbani na kulea vifaranga wao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika ukurasa huu neno *vichanga* ni watoto wa samaki tangu kuanguliwa hadi wapate mstari wa kwanza mweupe, na *vifaranga* ni hao hao baada ya hapo. Tumewatenganisha makusudi, kwa kuwa chakula chao, taa yao na vifo vyao havifanani.

## Kabla ya kuanza

Nianze na aina gani?

Anza na Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Ni mpole kuliko jamaa zake, anaridhika na tangi dogo, na vichanga wake wana mdomo wa kutosha kumeza rotifa, vijidudu wadogo mno wa majini, tangu siku ya kwanza. Hilo la mdomo ndilo linalowezesha kazi yote hii kufanyika nyumbani. Samaki wengi wa baharini hutoa vichanga wadogo mno, wasioweza kula chochote unachoweza kufuga kwenye ndoo.

Amphiprion percula hufuata utaratibu uleule. Amphiprion clarkii hutaga kwa urahisi, lakini ni mkubwa na mgomvi. Klauni wa rangi ya damu ya mzee, Amphiprion biaculeatus, waachie wazoefu, maana jike wake anaweza kumuua dume ndani ya siku moja.

Pata samaki waliozaliwa tangini. Wamezoea chakula kikavu na hawaji na uchovu wa safari ndefu. Waliovuliwa baharini mara nyingi huja na Brooklynella, kimelea kinachofunika mwili kwa ute mweupe na kuua haraka. Kwa vyovyote, watenge wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwaingiza kwenye tangi lao la kudumu.

Nitatofautishaje dume na jike dukani?

Kama wote ni wadogo, huwezi, kwa sababu jike bado hayupo. Samaki klauni huzaliwa wakiwa hawajawa dume wala jike. Katika kundi, anayetawala huwa jike, anayemfuata kwa cheo huwa dume, na waliobaki hukaa bila kukomaa.

Kwa hiyo usitafute jinsia, tafuta tofauti ya ukubwa. Chukua mmoja wa sm 5 na mwingine wa sm 3, uwaweke pamoja. Mkubwa atamfukuza mdogo, na mdogo atalala ubavu kidogo na kutetemeka mwili mzima. Wengi hushtuka wakiona hivyo wakidhani ni ugonjwa, kumbe ni heshima: anasema "wewe ndiye mkubwa". Mtetemo huo ukionekana, ndoa imeanza. Usipoonekana, na mapezi yakachanika, watenganishe.

Kumbuka kwamba njia hii ni ya upande mmoja. Dume anaweza kugeuka jike, lakini jike harudi kuwa dume. Ukiweka pamoja majike wawili wasiojuana, kwa kawaida watapigana hadi mmoja afe.

Nitangoja muda gani hadi watage?

Ukianza na wadogo, mwaka mmoja hadi miwili, na wapo wanaozidi hapo. Ukinunua jozi inayotaga tayari, tegemea ukimya wa miezi kadhaa baada ya kuwahamisha. Muda huo si wa kukaa bure. Ndio wa kujifunza kufuga rotifa, kama tunavyoeleza katika sehemu ya chakula.

Je, ni lazima niwe na anemoni?

Hapana. Anemoni, mnyama laini wa baharini ambaye klauni hujificha ndani yake, anadai taa kali na maji yaliyokomaa, na jozi hutaga vizuri bila yeye. Wanachohitaji ni sehemu ngumu ya kubandika mayai: chungu kidogo cha udongo kilicholazwa ubavu, au kigae kilichoegemezwa kwenye kioo. Kigae ni bora zaidi kwa sababu unaweza kukitoa na mayai yake.

Tangi la wazazi liweje?

Lita 80 hadi 100 zinatosha jozi moja bila samaki wengine. Joto liwe nyuzi 27 za Selsiasi, haidromita (kipimo cha chumvi ya maji) isome 1.024 hadi 1.026, pH 8.0 hadi 8.4, amonia na nitraiti ziwe sufuri, na naitreti isipite miligramu 20 kwa lita. Taa iwake saa 12 hadi 14, na iwashwe na kuzimwa na kifaa cha saa. Mkono husahau, na samaki hawa hutaga kwa kufuata mwanga. Namba isiyobadilika ni bora kuliko namba nzuri: nyuzi 26 kila siku inashinda 28 leo na 25 kesho.

Wazazi wale nini?

Mara 3 kwa siku, kidogo kidogo, na vibadilike: nyama ya kamba iliyokatwakatwa, kamba wadogo waliogandishwa, mayai ya samaki, na chembe kavu bora. Chakula cha mama ndicho kinachojaza kiini cha yai. Kama jike anakula aina moja ya chembe kavu mwezi mzima, vichanga watazaliwa dhaifu hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

## Mayai

Nitajuaje kwamba wanakaribia kutaga?

Dume huanza kusafisha kigae kwa mdomo, tena kwa bidii isiyo ya kawaida. Tumbo la jike hujaa. Siku moja au mbili kabla, kimrija cheupe cha kutagia, kifupi na butu, hujitokeza chini ya tumbo lake. Kutaga kwenyewe hufanyika zaidi mchana au jioni na huchukua saa moja hadi mbili: jike anapita polepole akibandika mayai, dume anafuata nyuma akiyarutubisha. Andika tarehe hiyo papo hapo. Hesabu yote inayofuata inaanzia hapo.

Yanaanguliwa baada ya siku ngapi?

Kwa nyuzi 27, siku 7 hadi 8. Maji yakiwa baridi zaidi yanaweza kufika 10. Lakini rangi inasema kweli kuliko kalenda. Mayai mapya ni ya chungwa angavu. Katikati ya safari yanageuka kahawia, na macho huonekana kama vidoa vyeusi. Siku ya mwisho macho yanang'aa kama fedha ukimulika tochi. Ukiona fedha, wanaanguliwa usiku huo, kwa kawaida saa moja au mbili baada ya giza kamili kuingia.

Nimeamka nimekuta mayai hayapo. Nani kala?

Dume, karibu kila mara. Jozi changa hula mayai ya mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, na hiyo ni kawaida. Dume mzoefu naye huondoa mayai yaliyokufa ili ukungu usienee, kwa hiyo kupungua kidogo kila siku kusikutie hofu. Wakiendelea kula yote baada ya mara ya tano au sita, angalia mambo matatu: njaa, fujo mbele ya tangi, na samaki wengine wanaowatia hofu. Konokono na kaa pia hula mayai usiku, na dume anabeba lawama isiyo yake.

Mayai yamebaki meupe na kuoza. Kwa nini?

Hayakurutubishwa. Dume bado mchanga, au hukuwa na dume kabisa, kwani majike wawili waliozoeana tangu utotoni huweza wakati mwingine kutaga pamoja. Jozi mpya ipe muda. Kama mayai yalianza kupata macho kisha yakafa, tatizo si dume. Ni joto, uchafu wa maji, au dume aliyeacha kupepea.

Niwaache waanguliwe kwa wazazi au nihamishe mayai?

Njia zote mbili zinafanya kazi, na kila moja ina hasara yake.

Ukiwaacha, dume anayatunza hadi dakika ya mwisho, na anajua kazi hiyo kuliko wewe. Usiku wa kuanguliwa zima pampu, chujio na kila taa ya chumba. Baada ya saa moja na nusu washa tochi kwenye kona moja ya juu. Vichanga hufuata mwanga, watajikusanya hapo, nawe uwachote kwa kikombe au uwanyonye kwa mrija mwembamba wa hewa. Usitumie wavu kamwe: kichanga wa milimita 4 aliyeguswa na wavu hawezi kupona.

Ukihamisha, toa kigae alasiri ya siku ya mwisho, kikiwa ndani ya maji muda wote, ukiweke kwenye tangi la vichanga lenye maji ya tangi la wazazi. Jiwe la hewa liwe chini ya mayai, sm 3 hadi 5 pembeni, kiasi kwamba mayai yanacheza lakini viputo haviyapigi moja kwa moja. Hewa ndogo mno inayaua. Giza liwe kamili. Kwa njia hii hupotezi vichanga kwa kuwachota, lakini ukikosea siku, mayai yatalala bila baba. Kwa anayeanza tunapendekeza njia ya kwanza.

## Chakula kabla ya mayai

Kwa nini kila mtu anasisitiza rotifa?

Kwa sababu kichanga huzaliwa na akiba ndogo ya kiini, na anatakiwa kula ndani ya siku yake ya kwanza. Anakula kinachotikisika mbele ya macho yake na kinachoingia mdomoni, basi. Rotifa aina ya Brachionus plicatilis ana mikroni (sehemu za elfu za milimita) kati ya 100 na 300 na huogelea polepole. Chakula cha unga huzama, huoza na kuleta amonia kabla hakijaliwa.

Wengi hupoteza uzao wa kwanza kwa kosa moja: wanaagiza rotifa siku mayai yanapoonekana. Ndoo ya rotifa inahitaji wiki mbili au zaidi ili izoeleke mikononi mwako. Mayai yanahitaji moja. Hesabu haikubali.

Nifugeje rotifa?

Chukua ndoo safi ya lita 20, ambayo haijawahi kuwekwa sabuni. Tia lita 15 za maji ya chumvi, haidromita isome 1.015 hadi 1.019, joto nyuzi 24 hadi 28. Ingiza hewa kwa mrija mgumu usio na jiwe, ukifika karibu na chini, viputo vikubwa vya taratibu. Jiwe la hewa hutoa viputo vidogo vinavyotengeneza povu na kunasa rotifa.

Wape mwani wa kijani, hai au ule mzito wa chupa unaohifadhiwa kwenye friji. Nannochloropsis ndio unaopatikana kwa urahisi. Weka hadi maji yawe kijani hafifu, asubuhi na jioni. Maji yakiwa meupe kabla ya mlo unaofuata, ongeza. Yakibaki kijani kizito baada ya siku nzima, punguza, kwa sababu chakula kisicholiwa ndicho kinachoua ndoo.

Vuna robo ya maji kila siku, hata kama huna kichanga hata mmoja. Watu huona uchungu kumwaga rotifa, lakini ndoo isiyovunwa hujaa, huchafuka na kufa. Pitisha maji hayo kwenye kichujio cha mikroni 53: mwani na uchafu wa maji vinapita, rotifa wanabaki. Suuza kwa maji safi ya chumvi, kisha rudishia ndoo kiasi ulichotoa. Kila wiki 2 au 3 hamishia rotifa wote kwenye ndoo nyingine na usugue ile ya kwanza.

Fuga ndoo mbili, sehemu mbalimbali, kila moja na vifaa vyake. Siyo anasa. Ndoo moja itakufa siku moja, na kwa kawaida huchagua wiki ya mayai.

Nahesabuje rotifa bila hadubini?

Chota mililita 1 kwa bomba la sindano lililo wazi, weka tone la siki ili waache kuogelea, mulika tochi kutoka nyuma na uhesabu vidoa vyeupe kwa kioo cha kukuzia. Wakiwa wengi mno, changanya mililita 1 hiyo na 9 za maji, hesabu mililita 1 ya mchanganyiko, zidisha kwa 10. Ndoo nzuri ina rotifa 100 au zaidi kwa mililita, na wengi wao wamebeba yai nyuma. Mayai yakitoweka, ndoo inaelekea kufa ndani ya siku moja au mbili hata kama idadi bado inaonekana nzuri.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Tangi la vichanga lenye lita 10 linalohitaji rotifa 10 kwa kila mililita linahitaji rotifa 100,000. Kwa ndoo yenye 100 kwa mililita, hiyo ni lita moja ya mavuno.

Rotifa wamekufa ghafla. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ni chakula kupita kiasi. Dalili ni povu lisilopasuka, harufu ya kuoza, na maji ya kahawia. Sababu nyingine ni mrija wa hewa kuziba usiku, au kichujio kilichotumika kwenye artemia (vijikamba wadogo wa maji ya chumvi) kikahamishia wadudu wengine ndani ya ndoo. Ukiwahi, chuja waliobaki, wasuuze vizuri, waanzishe upya kwenye lita 3 au 4 za maji mapya.

Siwezi kuruka rotifa na kuanza na artemia?

Hapana. Artemia aliyeanguliwa leo ana mikroni 400 hadi 500. Kichanga wa siku ya kwanza hawezi kummeza. Nafasi ya artemia inakuja baadaye. Tazama ratiba hapa chini.

## Siku 14 za kwanza

Tangi la vichanga liandaliweje?

Lita 20 hadi 40, pande zote nne zimefunikwa nyeusi kwa nje. Vichanga huona chakula vizuri mbele ya giza, na kioo kisichofunikwa huakisi mwanga wakakigonga kwa vichwa hadi kufa. Hita ndogo, nyuzi 27 hadi 28. Hewa ni kiputo kimoja au viwili kwa sekunde, siyo zaidi. Hakuna chujio, mchanga wala mawe.

Usilijaze. Anza na theluthi moja ya maji, yote kutoka tangi la wazazi. Faida ni mbili: unahitaji rotifa wachache kufikia idadi, na siku zinazofuata unaongeza maji mapya tone kwa tone badala ya kutoa, jambo linalopunguza makali ya amonia bila kumsumbua kichanga.

Maji ya kijani ni lazima?

Si lazima, ila yanasaidia sana. Mwani ukiwa ndani ya tangi, rotifa ambao hawajaliwa wanaendelea kula, kwa hiyo wanabaki na lishe. Rotifa mwenye njaa ni mfuko mtupu. Mwani pia hupunguza ukali wa taa. Weka rangi ya chai ya majani mabichi, ambayo bado unaona chini ya tangi.

EPA na DHA ni mafuta ya jamii ya omega-3. Nannochloropsis una EPA kwa wingi lakini DHA kidogo, na DHA ndiyo inayojenga ubongo na macho. Ongeza mwani wa Isochrysis, au mchanganyiko maalumu wa kurutubisha rotifa, saa chache kabla ya kuwalisha vichanga.

Ratiba ya siku kwa siku ikoje?

Siku ya kwanza ni asubuhi baada ya kuanguliwa. Taa iwe hafifu, na rotifa 10 kwa mililita wawe tayari ndani. Baada ya saa chache tazama matumbo: kichanga aliyekula ana tumbo la mviringo lenye rangi. Mwenye tumbo la kioo hajala.

Siku ya 2 hadi ya 5 hesabu rotifa asubuhi na jioni, wasishuke chini ya 5 kwa mililita. Taa iwake angalau saa 16. Nyonya uchafu wa chini kwa mrija mwembamba kila siku, polepole, ndani ya chombo cheupe ili umrudishe kichanga aliyenyonywa kwa bahati mbaya. Ongeza maji mapya kwa matone, yenye joto na chumvi ileile.

Kati ya siku ya 6 na ya 8, wakubwa wao wakishafika karibu milimita 6, anza artemia wachache mara mbili kwa siku. Wawe wameanguliwa ndani ya saa chache zilizopita: baada ya hapo wanatumia kiini chao na kubaki ganda lisilo na lishe. Tenganisha maganda ya mayai, kwani yakimezwa huziba utumbo. Usikatishe rotifa siku hiyo hiyo. Endelea nao siku 3 au 4, kwa ajili ya wadogo waliochelewa.

Siku ya 8 hadi ya 14 wanabadilika: rangi inakolea, mstari wa kichwa unatoka, na badala ya kuelea katikati wanashuka chini na kuambaa ukutani. Kuanzia siku ya 12 hivi unaweza kuanza chembe kavu zilizosagwa kama vumbi, punje chache kabla ya artemia, wakiwa bado na njaa.

Nashughulikiaje amonia bila chujio?

Pima kila siku. Ikionekana hata kidogo, ongeza maji kwa matone, na tangi likishajaa toa asilimia 10 hadi 20 asubuhi na jioni. Dawa ya kufunga amonia inafaa kama ngao ya muda, lakini ukishaitumia, vipimo vya aina ya Nessler hutoa majibu ya uongo. Tumia vya salisilati.

Sifongo lililokaa wiki 4 kwenye tangi la wazazi linaweza kuwekwa baada ya mistari kutoka. Kabla ya hapo lina hatari moja isiyosemwa sana: haidroidi, vijidudu vyenye miiba ya sumu vinavyojibanza kwenye sifongo, vinashiba artemia na kuchoma vichanga.

Vichanga wangu wanakufa. Tatizo ni nini?

Siku ya kifo ndiyo inayotaja chanzo, kwa hiyo hesabu maiti kila asubuhi na uandike.

Wakifa usiku wa kwanza au asubuhi yake, ni uhamisho: tofauti ya joto au chumvi, wavu, au viputo vikali.

Wakifa siku ya 2 hadi ya 4, wakiwa wembamba, ni njaa. Ama rotifa ni wachache, ama ni wengi lakini hawaonekani, kwa kuwa taa ni hafifu mno au maji ni ya kijani mno. Angalia pia kama rotifa wameanguka chini: wakitolewa kwenye chumvi ndogo na kutumbukizwa ghafla kwenye kubwa, huacha kuogelea, na kichanga hali kisichotikisika. Wazoeshe kwa nusu saa.

Siku ya 4 hadi ya 6, wenye matumbo yaliyojaa wakifa, shuku amonia kwanza.

Vifo vinavyoanza siku moja baada ya artemia vinatokana na kuwahi, kuwapa wengi kwa mpigo, au maganda.

Siku ya 8 hadi ya 12 kuna kifo cha ajabu: kichanga mnene anashtuka, kwa mfano taa ikiwashwa ghafla, anazunguka, anazama, anakufa. Huo ni upungufu wa mafuta, hasa DHA, uliojijenga tangu siku ya kwanza. Kwa uzao huu umechelewa. Washa taa polepole, usigonge tangi, na urekebishe lishe ya rotifa kwa uzao ujao.

Wote kufa ndani ya saa 24 kunaashiria sumu (sabuni mikononi, dawa ya mbu chumbani) au Amyloodinium, kimelea kilichoingia na maji ya wazazi. Ikiwa ni kimelea, tibu wazazi kwanza. Uzao mwingine utakufa vivyo hivyo usipofanya hivyo.

## Baada ya mistari

Niwahamishe lini?

Wote wakishakuwa na mstari wa kichwa na wanakula chembe kavu, kwa kawaida kati ya siku ya 20 na ya 30. Tangi jipya liwe la lita 60 au zaidi kwa vifaranga 100, na sifongo lililokomaa. Wahamishe kwa kikombe, bado si kwa wavu.

Wanang'atana mapezi. Niwatenge?

Inashangaza, lakini msongamano husaidia. Wakiwa 50 pamoja, hakuna mmoja anayeandamwa siku nzima. Wakibaki 5, mmoja atatawala na wengine watadumaa. Walishe mara 4 au 5 kwa siku, na watenge kwa ukubwa: wakubwa pamoja, wadogo pamoja. Waliodumaa mara nyingi hukua kwa kasi mara tu mtawala anapoondolewa.

Mistari imekatika au vifuniko vya matamvua vimejikunja. Ni urithi?

Sehemu ni urithi, lakini ikiwatokea wengi katika uzao mmoja, chunguza lishe na maji ya siku 14 za kwanza. Mistari iliyokatika ni suala la sura tu. Vifuniko vilivyojikunja ni dosari, na samaki wa namna hiyo asitumike kuzalisha.

Wanafaa kwenda kwa mtu mwingine wakiwa na umri gani?

Miezi 3 hadi 4, wakiwa na sm 2.5 au zaidi, wanakula chembe kavu bila kubembelezwa. Mpe mpokeaji namba za chumvi na joto la tangi lako.

## Hali zisizo za kawaida

Macho yameng'aa fedha lakini hawajaanguliwa.

Karibu kila mara ni mwanga: taa ya kifaa, ya mtaani, au ya chini ya mlango. Funika tangi kwa kitambaa kizito. Mayai ya mkupuo mmoja pia huweza kugawanyika, nusu leo na nusu kesho. Kama umehamisha kigae, punguza hewa kidogo giza likiingia, kisha iongeze ghafla baada ya saa moja. Mtikisiko huo huwapasua waliokomaa.

Umeme umekatika.

Hewa kwanza, joto baadaye. Pampu ndogo ya betri iwe karibu siku zote. Fungia tangi blanketi na usiwalishe vifaranga hadi umeme urudi. Vichanga wenye rotifa ndani ya tangi lao wanaweza kuvumilia giza la saa chache, lakini ndoo ya rotifa bila hewa haivumilii muda mrefu, kwa hiyo ikoroge kwa mkono.

Jike amekufa. Nianze upya?

Hapana. Mpe dume mwenza mdogo kuliko yeye kwa wazi. Atageuka jike, mdogo atakuwa dume. Mabadiliko yanachukua miezi, na kutaga kunafuata baadaye zaidi.

Naweza kuoanisha ndugu, au aina mbili tofauti?

Ndugu wanaweza kuzaa na kizazi kimoja mara nyingi hakionyeshi dosari, ila ukirudia, dosari hujikusanya. Badilishana vifaranga na mfugaji mwingine. Aina tofauti nazo huzaliana, lakini machotara wakishasambaa hakuna anayejua tena alichonunua. Chotara au asiye chotara, samaki wa tangini asiachiwe baharini, kwa sababu ya vimelea na ya urithi.

Wanataga kila wiki mbili na sina nafasi. Mayai niyafanyeje?

Jozi iliyozoea hutaga kila siku 10 hadi 18 kwa miaka mingi, na hakuna nyumba inayoweza kulea kila mkupuo. Usiondoe kigae wala usiwatenganishe. Acha dume atunze mayai, vichanga waanguliwe usiku na wawe chakula tangini, kama inavyowapata karibu wote baharini. Ukitaka jike apumzike, punguza taa hadi saa 10 na joto hadi nyuzi 25, taratibu, kwa wiki mbili. Ukitaka kuanza tena, rudisha kwa mwendo uleule, ukianza na ndoo za rotifa.